Kocha wa Watoto: Mlezi au Mwinda Vikombe?

Hapa kwetu pwani neno kocha ni geni la juzi. Wazee wetu, na hata vijana wengi mpaka hivi leo, wakimtaja mtu anayefunza mpira humwita mwalimu. Utawasikia barazani wakisema: mwalimu kampanga fulani beki, mwalimu kamtoa fulani kipindi cha pili. Ni jina lile lile tulitumialo kwa aliyetufunza alifu na be, wala silioni kuwa ni jina la bahati tu. Jina hilo lina amana ndani yake. Mwalimu wa chuo haulizwi ameshinda vyuo vingapi vya jirani. Huulizwa ni wana wangapi wamehitimu mkononi mwake. Na huko kuhitimu kwenyewe, kama ajuavyo kila aliyepitia chuoni, ni kuifikisha Kurani mwisho wake, juzuu zote thalathini, si kumwacha mwenzio nyuma.

Nayasema haya kwa sababu ya jambo nilionalo kwenye viwanja vya watoto wetu, jambo ambalo naona limefika pa kusemwa hadharani. Ukienda jioni Makadara au Tononoka, ukivuka feri ukaingia Likoni, ukipanda hadi Kisauni, au ukishuka ufuoni maji yakiwa yamekupwa, utakuta timu za watoto wa miaka minane, tisa, kumi, zina jezi, zina majina makubwa ya timu za Ulaya, na zina ratiba ya mashindano. Alhamdulillahi kwa hilo. Mtoto aliye uwanjani hayuko maskani, na sisi watu wa pwani twajua vyema maskani zimetula watoto wangapi tangu unga ulipoingia mitaani mwetu. Lakini tazama kwa makini, ndugu msomaji. Watoto ishirini wamevaa jezi. Kumi na moja wanacheza. Tisa wamekaa mchangani. Rudi wiki ijayo: kumi na moja ni wale wale, na tisa ni wale wale. Nilipata kumwuliza mmoja wa hao tisa, "Weye mwanangu, wacheza namba gani?" Akanijibu kwa adabu zote, "Mimi nacheza namba ya maji, ami." Maana kazi yake ni kuwapelekea wenziwe chupa za maji wakati wa mapumziko.

Mtoto huyo alikuwa akicheka aliponijibu, lakini kicheko cha namna hiyo hakidumu. Mwaka mmoja atabeba maji, mwaka wa pili atachoka. Ataondoka uwanjani, na hapana atakayemwuliza kwa nini, kwani timu haikupungukiwa na kitu. Swali langu ni hili: akishaondoka, aenda wapi?

Sipendi kumhukumu mtu kabla ya kumsikiliza, kwa hivyo niliketi na mwalimu mmoja wa timu za watoto, kijana mwenye bidii ambaye hulipwa shukurani tu, na mara nyingine hata hiyo haipati. Nilimweleza ninayoyaona. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ustadhi, wewe waandika, mimi nafunza. Nikifungwa mechi tatu, wazazi huwatoa watoto wao wakawapeleka kwa jirani. Nikifungwa tano, mwenye duka aliyetupa jezi hapokei tena simu yangu. Niambie, hao tisa nitawafunzia wapi, na kwa mpira gani?"

Hayo si maneno ya kubezwa. Ni kweli kwamba timu inayofungwa manane kila Jumamosi haifunzi mtoto chochote isipokuwa kujidharau. Ni kweli vile vile kwamba kushinda kuna elimu yake: mtoto hujifunza kujitahidi, kuvumilia, kushirikiana na mwenziwe, na kuzuia hofu moyo unapomdunda. Anayesema watoto wacheze bila ya kujali nani ameshinda asimame kidogo awatazame watoto wenyewe wakicheza uchochoroni bila mkubwa yeyote. Hao huhesabu mabao kuliko mwamuzi wa ligi! Kutaka kushinda ni katika maumbile ya mwanadamu, wala dini yetu haikukataza mashindano. Basi ubishi wangu si kama watoto washindane au wasishindane. Ubishi wangu ni kuwa ushindi wa nani unatafutwa, kwa njia gani, na mtoto akiwa na umri gani.

Nianze na njia. Lango la mpira wa wakubwa lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Mweke hapo mtoto wa miaka tisa awe kipa. Hata akiruka, mkono wake haufiki kwenye mwamba wa juu. Kila mwalimu mwerevu hulijua hilo, na kila mwalimu mwenye haja ya kikombe hulitumia. Humtafuta mtoto mmoja mwenye mguu mzito, akamwambia apige kutoka mbali, mpira upite juu ya kichwa cha yule kipa maskini. Bao. Wiki ya pili, bao. Mwisho wa msimu kikombe kiko kabatini. Sasa jiulize wamejifunza nini hao watoto kumi na mmoja. Kupiga pasi hawakujifunza, kwani haikuhitajika. Kutuliza mpira hawakujifunza. Kupiga chenga kulikatazwa, kusije kukapoteza mpira. Na yule mwenye mguu mzito, wenziwe wakishakuwa na miguu kama yake, atakuwa hana silaha nyingine. Kikombe kimepatikana na mpira umepotea.

Cha ajabu ni kwamba watoto wenyewe, tulipowaacha, walikuwa na akili kutushinda. Mchezo wa uchochoroni una malango ya ndala mbili, kiwanja cha hatua ishirini, na mpira wa makaratasi uliofungwa kamba. Kila mmoja huugusa mpira mara nyingi, hapana akaaye nje, na wakiwa wengi hugawana timu tatu, anayefungwa apishe. Ukubwa wa mwili haumfai mtu sana mahali pembamba. Hufaa wepesi na akili. Chuo hicho hakikujengwa na mtu, na wachezaji wengi wa pwani hii tuliopata kuwapigia makofi walipitia mlango huo.

Hili la kiwanja kidogo limewashughulisha hata watu wa mbali ambao mchezo wao na wetu ni mbingu na ardhi. Nchini Kanada mchezo wa taifa wakati wa baridi ni mpira wa magongo wa barafuni, ambao wachezaji huvaa viatu vyenye vyuma chini na kukimbilia kisahani kidogo cha mpira mgumu badala ya mpira wa duara. Huko mtoto wa kiume huingizwa barafuni kama sisi tuingizavyo watoto baharini, na mzazi huona fahari akiitwa baba wa mchezaji. Watoto wadogo walikuwa wakichezeshwa kwenye uwanja mzima wa wakubwa, wenye urefu wa kama mita 61. Aghalabu mtoto mmoja aliyejua kuteleza kuliko wenziwe aliuchukua mchezo wote, na wengine walimfuata nyuma kama mkia. Shirika la mchezo huo la Kanada likaamua, mwaka 2017 kwa watoto wa miaka 5 na 6, kisha kuanzia msimu wa mwaka 2019 kwa wa miaka 7 na 8, kwamba wacheze kwenye kipande cha uwanja tu, ili kila mtoto aguse mchezo. Mapema zaidi, mwaka 2013, lilikuwa limekwisha kataza kupigana vikumbo kwa watoto wa miaka 11 na 12, kwa kuwa walikuwa wakiumia vichwa.

Je, wazazi walishangilia? La. Wengi walinung'unika. Walisema watoto wao wanadekezwa, na kwamba mchezo wa nusu uwanja si mchezo. Utaona, msomaji, kwamba mzazi wa Kanada na mzazi wa Majengo, wakisimama kando ya mstari, ni ndugu wa tumbo moja.

Lakini lipo jambo jingine la Kanada linalonishughulisha zaidi. Huko watoto hugawanywa kwa mwaka wa kuzaliwa, kuanzia Januari hadi Desemba. Mwaka 1985 mwanasaikolojia Roger Barnsley na wenziwe walichapisha uchunguzi kuhusu tarehe za kuzaliwa za wachezaji wa ligi kubwa za vijana na za wakubwa. Waligundua kwamba waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka walikuwa wengi mno kuliko waliozaliwa miezi ya mwisho. Kwa nini? Je, Mwenyezi Mungu huwapa vipaji watoto wa Januari na kuwanyima wa Desemba? Hasha. Sababu ni sahali. Watoto wawili wa mwaka mmoja, mmoja wa Januari na mmoja wa Desemba, wamepishana karibu miezi kumi na miwili. Kwa mtu mzima hiyo si kitu, lakini kwa mtoto wa miaka minane ni sehemu kubwa ya umri wake. Wa Januari ni mrefu zaidi na ana nguvu zaidi. Mwalimu humwona akadhani ni kipaji. Humchagua, humchezesha, humpa mazoezi zaidi. Wa Desemba huketi. Baada ya miaka mitano wa Januari ni hodari kweli kweli, kwani amefunzwa, na wa Desemba hayupo tena. Kisha mwalimu husema, "Mwaona? Jicho langu halikunidanganya."

Hapo ndipo palipo na msiba. Mwalimu huyo hakuiba, hakusema uwongo, wala hakuwa na chuki na mtoto wa mtu. Alikuwa akitafuta ushindi wa Jumamosi tu, na ushindi wa Jumamosi ulimfumba jicho asione umri wa mtoto. Sasa tazama wale tisa wetu waliokaa mchangani. Ni wangapi kati yao ambao kosa lao ni kuzaliwa mfunguo tisa badala ya mfunguo mosi?

Sisi kwetu maradhi haya yamezidi, kwa kuwa tumeyatia uwongo. Kila mwenye kufuatana na mashindano ya watoto amepata kusikia habari za cheti cha kuzaliwa kilichopunguzwa miaka. Kijana mwenye sauti nzito huitwa wa miaka kumi na miwili, na watu wazima waliosimama hapo hucheka wakapigana makofi. Si sisi peke yetu. Nigeria ilifungiwa na FIFA miaka miwili kwa kuwa tarehe za kuzaliwa za wachezaji wake hazikuafikiana, na kufikia mwaka 2009, katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17, ilibidi FIFA iwapige wachezaji picha za mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine ya hospitali ili kuwajua wadogo wa kweli. Fikiri, ndugu yangu: ulimi wa mtu mzima haukuaminika, ikabidi mfupa wa mtoto uitwe kutoa ushahidi!

Na sisi ni watu tunaopeleka watoto chuoni asubuhi wafunzwe kwamba uwongo ni katika alama za unafiki. Jioni mtoto yule yule huambiwa, "Refa akikuuliza, sema una miaka kumi na mmoja." Atamwamini nani? Atamwamini wa jioni, kwa kuwa wa jioni humpa kikombe. Madhara ya cheti cha uwongo hayaishii kwa yule mkubwa aliyeingizwa. Yupo mdogo aliyetolewa ili yeye aingie, na haki ya mdogo huyo ni haki ya mja. Mashekhe wetu watakwambia haki ya mja haifutwi kwa toba peke yake mpaka mwenyewe arejeshewe au akuwie radhi.

Nani awezaye kutwambia kwamba dini haina la kusema kuhusu mambo ya viwanja? Katika Hadithi sahihi zilizopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullahi bin Umar, Allah amridhie, twapata habari kwamba Mtume, sala na salamu zimshukie, alishindanisha farasi. Wale waliokuwa wamezoezwa na kutayarishwa aliwapa masafa marefu, na wale ambao hawakuzoezwa aliwapa masafa mafupi, peke yao. Hakuwachanganya. Mimi si mwanachuoni wa kutoa hukumu, lakini kwa mtu wa mpira mafunzo yake yako wazi: mashindano ni halali, na uadilifu wa mashindano ni kumpa kila mmoja masafa yake. Iwapo mnyama alifanyiwa insafu hiyo, mtoto wa Adamu je?

Tena yako yale ya ngamia wa Mtume aliyeitwa Adhbaa, ambaye hakuwa akipitwa. Akaja bedui na ngamia wake mdogo akampita. Masahaba waliona uchungu, naye Mtume akawakumbusha kwamba hakuna cha dunia kinachojiinua ila Mwenyezi Mungu hukishusha. Naona mwalimu wa watoto angefaa kuikumbuka habari hiyo siku ya kufungwa, na zaidi siku ya kushinda.

Nirudi chuoni kidogo. Chuo cha zama zetu hakikuwa pepo. Kiboko kilikuwapo, na wako waliochukia kusoma kwa sababu yake. Lakini palikuwa na jambo moja ambalo sijaliona kwenye viwanja vyetu. Kila mtoto alikuwa na ubao wake na darasa lake. Mmoja yuko kwenye juzuu ya Amma, jirani yake aunganisha herufi, wa tatu keshafika Yasini, na wote wamekaa mkeka mmoja. Hapana aliyeambiwa, "Wewe ni mzito, kabebe maji." Aliyetangulia aliwekwa amsomeshe aliye nyuma, na kwa kumsomesha yeye mwenyewe alizidi kukaza. Mwalimu alimpima mtoto kwa jana yake. Siku ya hitima ilikuwapo, na ilikuwa siku ya fahari kubwa, lakini ilimjia kila mtoto kwa wakati wake. Huo ndio ulezi, na ndio maana nikasema jina la mwalimu lina amana.

Kuna watu watakaosema: haya ni maneno ya mshairi, dunia ya leo yataka washindi. Vyema, natutazame washindi. Wanorwe walipitisha sheria za michezo ya watoto mwaka 1987, wakazifanya upya mwaka 2007. Katika sheria hizo mtoto hapangwi kwenye orodha za matokeo kabla ya mwaka anaotimiza miaka 11, wala hakuna ubingwa wa taifa kwa walio chini ya miaka 13. Kwa maneno mengine, huko kikombe kimewekwa juu ya rafu mpaka mtoto akue. Je, wamekuwa watu wa kushindwa? Katika Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 2018 walipata medali 39, wakaongoza dunia nzima. Mwaka 2022 wakaongoza tena kwa medali 16 za dhahabu. Ni watu kama milioni tano na nusu tu. Na yule Erling Haaland ambaye watoto wetu huandika jina lake mgongoni, alikulia katika mji wao mdogo wa Bryne chini ya taratibu hizo hizo. Sisemi sheria hizo ndizo zilizoleta kila medali, kwani Norwe ni nchi tajiri na theluji ni ya kwao. Nasema kwamba kungoja hakukuwazuia kushinda.

Na mfano wa hapa hapa nyumbani tunao. Mwaka 1987 Mkanada mmoja, Bob Munro, alianzisha pamoja na vijana wa Mathare, Nairobi, chama cha michezo kinachojulikana kwa herufi MYSA. Kwenye ligi za watoto hao, timu haikupata pointi kwa mabao tu. Timu iliyotoka kusafisha mitaro na kuzoa taka mtaani mwake ilipewa pointi pia, zikaingia kwenye msimamo wa ligi. Umaskini wa Mathare haukuwa mdogo kuliko wa kwetu, na fedha hazikuwapo. Lakini mti huo uliopandwa kwa ufagio ulizaa timu ya Mathare United, ambayo mwaka 2008 ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya. Huku kwetu Kilifi nako, tangu mwaka 2001, shirika la Moving the Goalposts limewatoa wasichana kucheza kandanda, na pamoja na mpira wanafunzwa kujitunza na kuongoza. Wasichana wenyewe hufanywa waamuzi, walimu na wasimamizi. Wazee wengine walikunja nyuso mwanzoni, na kila mtu ana rai yake. Ila jambo moja hapana awezaye kulikana: huko msichana asiyefunga bao ana kazi ya heshima uwanjani, wala haitwi namba ya maji.

Niliwahi kumtungia yule kijana mwalimu ubeti mmoja, nikampa kwa mkono wangu. Hakuukataa, kwa hivyo nauweka hapa wausome na wenziwe:

Mwalimu wa wana wetu, twaa neno la hisani
Si kikombe si kiatu, kijengacho insani
Mjenge mwana wa mtu, umtoe ujingani
Ushindi huja mwishoni, ukitanguza malezi.

Lakini ubeti hauchezeshi mtoto. Natoa rai zangu kwa wenye vilabu, kwa wazazi na kwa wafadhili, wazipime.

Kwanza, watoto wasiozidi miaka kumi wasichezeshwe uwanja mzima. Uwanja mmoja ukatwe mara nne kwa kamba au chokaa, malango yawe madogo, timu ziwe za watoto watano au sita. Hilo halina gharama. Kwa hakika lapunguza gharama, kwani uwanja mmoja utachezesha timu nane kwa wakati mmoja, na wale tisa wote watakuwa ndani.

Pili, mpaka miaka kumi na mitatu, kila mtoto aliyekuja mazoezini acheze angalau nusu ya mechi, na sheria hiyo iwe ya mashindano yenyewe, si ya mwalimu mmoja. Hapa ndipo jawabu la yule kijana lilipo. Akifanya peke yake atafungwa na jirani asiyefanya, na watoto watahamia huko. Wakifungwa wote na sheria moja, hapana atakayepata hasara. Beki na abadilishwe awe fowadi, na kipa atolewe langoni aonje kukimbia.

Tatu, kuanzia miaka kumi na minne ushindani uzidishwe hatua kwa hatua, na kijana wa miaka kumi na saba achaguliwe kwa haki, aambiwe ukweli, na akikaa benchi ajue sababu yake. Huyo keshakuwa na kifua cha kuubeba ukweli. Kumlinda milele nako ni kumdhulumu, kwa kuwa dunia inayomngoja haitamlinda.

Nne, umri uthibitishwe kwa sajili ya skuli na ya chuo kwa pamoja. Maalim ajua ni lini mtoto alianza alifu. Timu itakayoingiza mkubwa itolewe, na aliyeghushi cheti asisimame tena mbele ya watoto.

Tano, nasema na wenye maduka, na waheshimiwa wetu wanaopenda kuonekana kwenye fainali, hasa usiku wa Ramadhani. Bwana mkubwa, kikombe unachokinunua hukaa kabatini kikaota kutu. Bei yake ingenunua mipira kumi. Mpe zawadi mwalimu ambaye watoto wake ishirini wa mwaka jana mwaka huu wangalipo wote ishirini. Ukibadilisha unacholipia, utaona walimu wanabadilika kabla ya msimu kwisha.

Nimemaliza kwa wazazi. Mtoto akirudi nyumbani magharibi, miguu imejaa mchanga, sote humwuliza neno moja: "Mmeshinda?" Naye hujua kutokana na swali hilo kile kinachotufurahisha. Nawaomba tumwulize kwanza kama amecheza, na ni kitu gani ameweza leo ambacho wiki iliyopita hakukiweza. Akijibu kwamba wiki ya tatu sasa hakucheza, basi mzazi avae viatu vyake, aende akazungumze na mwalimu kwa upole na heshima, kabla mtoto hajajichagulia mwenyewe pahali pengine pa kukaa jioni.

Wabillahi taufiki.